"Polisi hawapigi mtu bure": acheni kuwatungia sababu wanaotuumiza

Wakenya wenzangu, leo mnivumilie, nimejaa mpaka kooni. Kila kijana akipigwa risasi hapa Nairobi, kabla maiti haijafika mochari kuna mtu ameshaandika, "Polisi hawapigi mtu bure." Mwingine anauliza alikuwa anatafuta nini nje saa hizo. Mwingine anatuambia tungoje uchunguzi, na wiki ikiisha hana habari kama uchunguzi wenyewe ulifanywa. Hasira yangu si kwa afande peke yake. Ni kwenu mnaomtafutia afande sababu kabla hata yeye hajaulizwa.

Naanza na Albert Ojwang, maana naona watu wameanza kusahau. Mwalimu. Alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa madai ya kumchafulia jina Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi mtandaoni. Wakamsafirisha mpaka Nairobi, wakapita vituo chungu nzima njiani, wakaja kumlaza seli ya kituo cha polisi cha Central. Babake akafunga safari na hati ya shamba mkononi, aje amdhamini mwanawe, akakuta mtoto ni maiti. Kisha taarifa ya polisi ikatoka: alijigonga kichwa ukutani.

Na watu wakaimeza! Mimi nilisoma kwa macho yangu mtu akieleza kwamba mahabusu wengi huwa na msongo wa mawazo. Wanapatholojia walipoukagua mwili wakakuta shingo ilibanwa, kichwa kina majeraha, na mwili una michubuko ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ikawaambia maseneta kwamba kamera za kituo zilichezewa. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaomba radhi mbele ya Seneti kwa ile habari ya ukuta. Sasa wewe uliyeisambaza kwenye magrupu matatu ya WhatsApp, umemwomba nani radhi? Umewahi hata kurudi kwenye grupu ukasema ilikuwa uongo?

Hii tabia ni ya zamani. Mbunge JM Kariuki alipopotea Machi 1975, Wakenya waliambiwa yuko Zambia, kumbe maiti yake ilikuwa imeokotwa Ngong. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, mwaka 1990 alikutwa ameteketea na ana tundu la risasi kichwani, na bado kuna waliotaka tuamini kwamba alijiua. Marais wamepita, katiba imebadilishwa, lakini mtindo ni ule ule. Hadithi inatoka haraka, inatoka kwa mwenye cheo, na wa kuipinga ameshanyamazishwa. Kazi inayobaki ni ya kuisambaza, na hiyo tunaifanya sisi, bila malipo.

Sasa niwaambie nililoliona mwenyewe, ili mtu asiseme nasoma magazeti tu.

Hapa mtaani kwetu, Eastlands, kijana wa jirani yangu anatengeneza simu. Kibanda chake kiko karibu na steji. Jioni moja landikruza ya polisi ikasimama, wakabebwa vijana waliokuwa pale, naye akiwemo. Asubuhi ameachiliwa, hana shtaka, mkono umevunjika juu ya kiwiko na jicho moja halifunguki. Nilimsindikiza mamake kituoni. Afande wa dawati la ripoti akamwambia bila hata kuinua uso, "Mama, huyo aliruka gari likienda." Mama akaomba aonyeshwe palipoandikwa. Kile kitabu cha OB, ambamo matukio ya kituo huandikwa, kilikuwa wazi juu ya kaunta, nami nikakisoma hivyo hivyo kikiwa kimenielekea juu chini. Kijana ameandikwa kuingizwa seli saa moja na dakika kumi usiku, hali yake njema. Mistari michache chini yake, saa mbili kasoro, ndipo imeandikwa ameruka kutoka kwenye gari na kuumia.

Yaani aliruka kutoka kwenye gari akiwa tayari yuko seli. Nilipomwonyesha afande, akakifunga kitabu.

Mama akaomba fomu ya P3. Na hapa wengi wenu hamjui, kwa sababu hayajawafika: ukipigwa na polisi, fomu ya kuonyesha umepigwa unaipata kwa polisi. Unarudi kwa yule yule. Afande akamuuliza, sauti ya chini kabisa, "Mama, una watoto wengine nyumbani?" Yule mama mikono ilianza kumtetemeka, akashindwa kuufunga mkoba wake.

Jioni hiyo, kwenye grupu la ploti, mzee mmoja tunayemheshimu, mtu wa kanisa, akaandika kwamba wazazi tuwalee watoto wetu vizuri, na kwamba polisi wanajitahidi kupunguza wezi. Dole gumba zikamiminika. Mama wa kijana yumo humo humo kwenye grupu. Alisoma yote, kisha akatoka. Mzee, najua unapita huku. Kijana huyo ndiye aliyekutengenezea spika ya simu yako. Ulimwita mwizi kwa sababu gani, mbali na kwamba alirudi akiwa amevunjwa?

Kabla hamjaniruka: najua ujambazi upo. Nimewahi kuwekewa kisu shingoni Juja Road nikatoa simu na pochi. Aliyeniibia nataka ashikwe, apelekwe mahakamani ndani ya saa 24 kama Kifungu cha 49 cha Katiba kinavyosema, ahukumiwe, afungwe. Mnaosema mahakama zinawaachilia wezi, hilo tulizungumze, nina malalamiko yangu pia. Lakini mwaka 2017 video ilitoka Eastleigh, afisa aliyevaa kiraia anawamiminia risasi vijana wawili waliokwisha kudhibitiwa, mchana, watu wametazama. Na nyinyi mkampongeza! Wakati huo huo kulikuwa na kurasa za Facebook zilizojiita Hessy, zinabandika picha za vijana na kuwatisha, kisha picha za maiti, na chini yake Wakenya wanashangilia. Kila mtaa unajua habari ya kuwekelewa bonoko, kijana analala chini amekufa na bastola bandia inatokea kando ya mkono wake. Tunajua! Tunalijua jambo hili tangu utotoni, na bado picha ya bonoko ikitumwa mnaipokea kama ushahidi.

Na hili swali la "alikuwa anafanya nini nje" linanichoma kuliko yote. Yassin Moyo alikuwa na miaka 13. Tarehe 30 Machi 2020, polisi wakitekeleza kafyu Kiamaiko, alikuwa kwao, kwenye roshani, pamoja na familia yake. Risasi ikamfuata huko. Tukaambiwa ni risasi iliyopotea. Baadaye afisa akashtakiwa kwa mauaji. Boniface Kariuki alikuwa anauza barakoa mjini Juni 2025, akapigwa risasi ya kichwa kwa karibu mbele ya kamera, akafariki karibu wiki mbili baadaye. Kama kamera hazikuwepo, nani kati yenu angekubali kwamba alikuwa mchuuzi tu?

Wakubwa nao wanasikia makofi yenu. Julai 2025 Rais William Ruto mwenyewe alisema hadharani kwamba anayechoma biashara ya watu apigwe risasi ya mguu. Risasi inatangulia, mahakama inafuata. Afisa mdogo aliyesikia hayo, akiwa na bunduki mkononi na umati mbele yake, mlitaka aelewe nini? Sheria ya Polisi ya 2011 inataka polisi akiua au kujeruhi mtu vibaya, IPOA ijulishwe mara moja. Mkisema "alistahili," mnamwambia OCS, mkuu wa kituo, kwamba hakuna atakayemuuliza kama aliripoti.

Sasa kuhusu kijana wetu. Mamake alirudi na wakili wa kujitolea, P3 ikapatikana, daktari ameijaza, na malalamiko yamepokelewa IPOA. Kinachokosekana ni mashahidi. Steji ile jioni haikosi watu: mama wa mboga, makanga, watu wa boda. Nimeambiwa kuna mmoja alichukua video wakati vijana wanapakiwa kwenye gari, na kwamba inaonekana kijana anapanda kwa miguu yake, mkono wake mzima. Ndugu, usiifute. Usiibandike hapa wala kwenye grupu, watakujua. Ihifadhi mahali pawili, kisha uipeleke IPOA, au kwenye kituo cha haki kama kile cha Mathare kama unaogopa kwenda peke yako. Ukitaka kusindikizwa niandikie faraghani, nitakuja.