Naomba ushauri: Dragon Ball Z Tenkaichi Tag Team kwenye PSP, nashindwa mapambano ya wawili kwa wawili

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada kwa wanaoijua hii gemu ya kupigana ya kampuni ya Spike iliyotoka 2010. Natumia PSP yenyewe (kile kifaa cha mkononi cha Sony cha kuchezea gemu), siyo simu, na diski yake ni nzima.

Nikipigana na adui mmoja sina shida, hata kama ana nguvu. Tatizo linaanza wakiwa wawili. Namchukua Goku, mwenzangu anayeongozwa na gemu ni Piccolo, dhidi ya Vegeta na Nappa. Nikimkazania Vegeta, Nappa anakuja kwa nyuma na kunikatisha. Nikisogea mbali ili nikusanye ki (nguvu ya kurushia mapigo makubwa), mmoja wao ananifuata kabla haijajaa, kwa hiyo Kamehameha, lile pigo kubwa la Goku, naipata mara chache sana. Piccolo naye muda mwingi anapigana mbali na mimi, na inaniuma maana raha ya gemu hii ni kusaidiana.

Nimejaribu kujilinda zaidi, nikabadilisha mwenzangu nikamweka Gohan, nikashusha na ugumu. Kwenye ugumu wa chini nashinda, ila nikiupandisha narudi kulekule, na mimi nataka kuimudu vizuri kabla sijaanza kucheza na mdogo wangu, ambaye naye ana PSP.

Naomba kujua mambo mawili: mnatumia mbinu gani kupata nafasi ya kujaza ki wakati maadui wote wawili bado wazima? Na je, kuna namna ya kumwelekeza mwenzangu abaki na adui mmoja wakati mimi namalizana na mwingine?

Natanguliza shukrani.