Nimeweka SSD ina miezi mitano tu, laptopu imerudi kuwa kobe. Nimepigwa?

mtu_wa_fotokopi

Wakuu habari za saa hizi. Nina kistesheneri changu huku Mbagala, nachapa barua, naprinti vyeti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Mashine ni Dell Latitude E6430, i5 ya jenereshini ya tatu, RAM (memori) GB 4, niliichukua used. Mwanzo ilikuwa na hadi diski ya GB 320, yani ukiiwasha unaenda kununua chapati unarudi unakuta bado inazungusha viduara, mteja kashahamia duka la pili. Fundi akanishauri niweke SSD, ile diski ya chipu, nikaweka ya GB 120. Aisee ile wiki ya kwanza nilikuwa naizima na kuiwasha makusudi ili majirani waone!

Sasa miezi mitano imepita imeanza tena. Kuwaka siyo mbaya sana ila ukifungua Word huku Chrome iko wazi inaganda, ukikopi kitu kutoka kwenye fleshi ya mteja inaanza kwa kasi halafu inashuka inashuka mpaka unadhani imesimama. Fundi alinipa programu ya kudifragi akasema niibonyeze kila Jumamosi na sijawahi kukosa hata moja. Leo nimemrudia ananiambia SSD imechoka ninunue nyingine. Miezi mitano imechokea wapi? Au niliuziwa feki?

fundi_uani

Pole mkuu. Kabla hujatoa hela nyingine nijibu vitu viwili: kwenye C imebaki GB ngapi, na ikiganda fungua Task Manager uangalie kilichopanda ni memori au diski.

Na hiyo difragi iache leo leo. Difragi ilikuwa dawa ya hadi diski kwa sababu mle ndani kuna sahani inazunguka na kichwa kinachotembea kutafuta vipande vya faili, kwa hiyo ukivipanga pamoja kichwa kinapumzika. SSD haina kinachozunguka wala kinachotembea, kusoma mwanzo au mwisho kwake ni kulekule. Ukiidifragi unaihamishia data bure tu, na kila kuandika kunakula umri wake. Huyo fundi wako kakupa dawa ya mguu na wewe unaumwa jicho.

chalii_wa_kaloleni

Sa hayo yote ya nini mwanangu, chukua NVMe, SSD za kasi zaidi, hizi za 3500 MB kwa sekunde umalize mchezo. SATA kama hiyo yako mwisho wake 550, ni za wazee hizo

fundi_uani

Chalii taratibu usimtie mwenzio hasara. E6430 ni mashine ya 2012, haina sehemu ya kuchomeka M.2 ya NVMe, atabaki anaipamba kabatini. Na hata ingekuwepo, kilichomfurahisha ile wiki ya kwanza siyo hizo 550. Hadi diski inahangaika milisekunde kumi na kitu kila inapotafuta kifaili kimoja, SSD inatumia kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja, na Windows ikiwaka inatafuta vifaili maelfu kwa maelfu. Ukishatoka hadi diski kwenda SSD yoyote umeshavuka mto, huko kwingine kwa mtu wa Word na printa hata hatakuona.

mtu_wa_fotokopi

Nimeangalia wakuu. C imebaki GB 2.9 kati ya 111, imekuwa nyekundu. Memori inasoma 93% na hapo nina kurasa sita tu za Chrome. Halafu mbona 111 na mimi nililipia 120, hizo 9 kala nani?

binti_makunduchi

Hizo 9 hakuna aliyekula kaka angu, kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja na Windows inahesabu kwa 1024, ndo 120 inasomeka 111. Ingesomeka kubwa halafu faili zinaharibika ukishajaza ndo ningekwambia feki, zipo hizo, unafungua kasha unakuta kadi ya memori imegundishwa ndani.

Ugonjwa wako ni hiyo 2.9. SSD haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa, lazima ifute kwanza, na kufuta haifuti ukurasa mmoja mmoja, inafuta boksi zima. Sasa chukulia daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Abiria wa siti ya nyuma anashuka, basi wote waliosimama njiani washuke kwanza, yeye atoke, ndo warudi. Gari likiwa na nafasi anapita tu. SSD iliyojaa ndo inafanya hivyo kila ukisevu kitu, inahamisha vilivyo hai kwenda pengine ndo ipate boksi la kufuta. Tena hizi za bei ya chini zina keshi ya kuandikia haraka ambayo inakopa hiyohiyo nafasi tupu, nafasi ikiisha na keshi imekwisha, ndo ile unaona kopi inaanza na mbio halafu inakata pumzi. Usiiache chini ya asilimia 15 au 20 tupu, kwako wewe ni kama GB 20 hivi.

Habari ya kuchoka: shusha CrystalDiskInfo, ya bure, itakupa afya kwa asilimia. Mfano Kingston A400 ya 120 kiwanda kinaitaja TB 40 za kuandika. Hata ungeandika GB 20 kila siku, miezi mitano ni TB 3 tu. Kuchoka kwa namna gani?

Halafu fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kama admini uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify, utuambie imekuja namba gani.

mtu_wa_fotokopi

Afya 96%. Na ile ya CMD imekuja 1. Nzuri au mbaya?

binti_makunduchi

Mbaya 😅 Ilitakiwa 0. Hiyo ndo TRIM, taarifa ambayo Windows inaipa SSD kwamba faili fulani limefutwa. Yako imezimwa, maana yake ukifuta kitu wewe unaona kimeondoka ila SSD inaendelea kukibeba na kukihamishahamisha kama mzigo halali. Windows tangu 7 inaiwasha yenyewe, kwa hiyo kuna mtu kaizima, nadhani ni hizi Windows zilizopunguzwa punguzwa mafundi wanazotembea nazo kwenye fleshi. Andika fsutil behavior set DisableDeleteNotify 0, ukishapunguza mizigo bonyeza kitufe cha Optimize ya Windows yenyewe mara moja, baada ya hapo itajifanyia kila wiki.

fundi_uani

Na RAM jamani msiisahau. 4 ikijaa Windows inaanza kuifanya SSD kuwa memori, na ndo hiyohiyo imejaa, zinavutana. Ongeza kijiti kingine cha 4, DDR3 ya laptopu, ziwe 8. Kama ni mimi ningeanzia hapo kabla hata ya kununua SSD kubwa.

mzee_wa_ups

Mkuu betri ya hiyo laptopu inakaa na chaji? Nauliza kwa sababu used nyingi betri zilishakufa, umeme ukikatika inazima pu. SSD inatunza ramani ya wapi kaweka nini, ikikatwa katikati ya kuandika hiyo ramani inaweza kuvurugika, na hizi za bei rahisi hazina kinga. Mimi yangu iliamka asubuhi haionekani hata kwenye BIOS (ile skrini ya mipangilio kabla ya Windows), na haikutoa dalili yoyote kama hadi diski ambayo walau inapiga kelele kwanza. Kazi za wateja weka nakala pengine.

mtu_wa_fotokopi

Mrejesho wakuu. Betri ni pambo kweli, naulizia nyingine. Kwenye C nimekuta GB 22 za Windows.old, muvi za mdogo wangu GB 31 (tumegombana), na folda la Downloads lina vyeti vya watu mpaka wa mwaka juzi. Sa hivi nina GB 58 tupu, TRIM imesoma 0, kijiti cha 4 nimeweka jana. Kukopi haishuki tena, na Chrome ya kurasa kumi na Word vinaenda pamoja.

Swali la mwisho, ile hadi diski ya zamani nataka iingie kwenye nafasi ya DVD ikae na mafaili ya wateja. Nasikia kuna kifremu chake.

fundi_uani

Kipo, ila pima kwanza unene wa DVD yako kwa rula, vipo vya milimita 9.5 na 12.7, wauzaji wengi watakupa chochote kilicho mkononi. Na muvi za dogo zihamie huko, mpatane.