Lentivirusi kwenye kondo la nyuma pekee: kijusi nacho kinawaka

Swali: Wakuu, nataka jeni ya GFP (protini inayong'aa kijani) iingie kondo la nyuma tu. Naondoa zona (ganda la nje) ya viinitete vya panya na kuviloweka kwenye lentivirusi (virusi vinavyopachika jeni kwenye kromosomu), lakini hata kijusi kinatoa kijani. Kosa liko wapi?

Jibu: Mkuu, unaloweka hatua gani? Kwenye morula (kiinitete ambacho bado ni donge la seli) virusi hufikia seli ambazo baadaye hujenga kijusi. Subiri siku ya 3.5, blastosisti (kiinitete chenye uwazi wa majimaji ndani) ikiwa imetuna vizuri: seli za nje, zinazojenga kondo la nyuma, zimeshabanana, virusi havipenyi hadi fungu la ndani linalojenga kijusi. Asidi ya Tyrode, ya kuyeyusha zona, ni sekunde chache tu. Ganda likianza kufifia ukingoni, hamisha papo hapo, osha kwenye matone matatu ya M2 (kiowevu cha kushikia viinitete nje ya inkubeta). Kisha KSOM (kiowevu cha kukuzia viinitete) yenye virusi chini ya mafuta, saa 4 hadi 5, nyuzi 37, CO2 asilimia 5.

Jibu: Naongezea: blastosisti iliyopasuka au kusinyaa itupe, maana virusi hupita kwenye ufa. Na bila zona viinitete vinagandana vikigusana, hivyo weka kimoja kwa kila tone. Osha tena vizuri kabla ya kupandikiza.

Swali: Nilikuwa naloweka morula! Je, AAV (virusi vingine vidogo vya kubebea jeni) haifai?

Jibu: Kwa hili hapana. AAV6, aina mojawapo ya AAV, hupita zona bila kuivua, nzuri kwa kupeleka kiolezo cha DNA cha CRISPR (zana ya kuhariri jeni) kwenye zaigoti (yai lililorutubishwa), ila hubeba takriban kb 4.7 (herufi 4,700 za DNA) tu na kwa kawaida haijipachiki kwenye kromosomu. Seli zikigawanyika, inapungua.