Lasiki, PRK (operesheni za macho za laser) ao nibakie na lineti (miwani)? Niko Goma

katindo_moto: Jambo batu ba hapa. Niko na miaka 24, namba ya lineti kwa jicho ya kuume ni -4,50 (mbali sioni) na astigmatisme (jicho haiko duara sawasawa) -1,75, ya kushoto ni karibu vile vile. Natembezaga moto (pikipiki) kutwa, vumbi ya haya mawe meusi na mvua, lineti zimenichosha kabisa. Bamoya banasema lasiki, bengine PRK. Nishike gani?

yaya_himbi: Mi nilifanyia PRK inje. Lasiki banakata kifuniko chembamba juu ya konea (kile kioo cha mbele ya jicho), banakifunua, laser inachonga chini, banakirudisha, kesho yake unaona. PRK hakuna kifuniko, banatoa ngozi ya juu tu na inaota tena. Lakini siku za kwanza ni pilipili machoni sha, nililala gizani simu sikuigusa, na kuona sawasawa ilikuja pole pole kisha majuma. Ila wewe wa moto, ukipigwa jicho kile kifuniko kinaweza kusogea hata kisha miaka, ndiyo maana mi ningeshika PRK.

ndosho88: Na SMILE, ile laser ya tatu, munaisahau? Katundu ka milimita 2 mpaka 4, banatolea mule kipande cha konea, basi. Astigmatisme pia inatengeneza. Bei njo inaua.

mama_birere: Mi nabakia na lineti zangu. Mukipita miaka 40 mutatafuta tena lineti za kusoma, laser haizuie ile. Na kurudi kuonwa kisha operesheni, tiketi analipa nani?

optiko_bkv: Munabishana bure, konea njo inachagua. Kwanza topografia (kupima umbo la konea) na unene. Za watu wengi ziko karibu na mikroni 540 (nusu milimita na kidogo), na laser inakula kama 12 mpaka 15 kwa kila diopta (namba moja ya lineti), kwa hiyo ikiwa nyembamba lasiki unasahau. Ikiwa inachongoka, ile keratokonasi, kwa kawaida zote tatu banakukatalia. Katindo, unasuguaga macho? Na namba imetulia mwaka muzima?

katindo_moto: Nasugua sana yaya, kila mangaribi nikishuka ku moto. Namba mwaka jana ilikuwa -4. Lenzi za kubandika machoni navaaga siku ya arusi tu.

optiko_bkv: Basi ngoja kwanza, namba yako bado inatembea. Siku ya kupima ikifika, zile lenzi uache majuma mawili mbele, zinabadilisha umbo la konea. Na muambie munganga habari ya kusugua hata asipokuuliza, kusugua na keratokonasi vinaendaga pamoja.

yaya_himbi: Macho yakiwasha weka kitambaa cha maji baridi, ngumi acha leo leo.