Nihame mtandao na namba yangu, au ninunue laini ya pili?

Bibi Floti (Newala)
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Kitangari tangu mwaka 2014, enzi ukitumiwa pesa kutoka mtandao mwingine unakuja kwangu na ujumbe wenye namba ya siri, unaomba nikusomee. Namba yangu ya kupigiwa nimeichora kwa rangi nyekundu ubavuni mwa kibanda, maandishi makubwa kama ya basi la Masasi. Wateja wa vijijini wanaijua kwa kichwa, hata wale wasiojua kusoma.

Shida ni mtandao wenyewe. Ukifika msimu wa korosho, malipo yakiingia, unalala. Watu wamejipanga hadi barabarani, mimi nimepanda kiti, nimenyoosha mkono juu na simu utadhani nachuma embe. Ujumbe wa muamala unaingia baada ya nusu saa. Hiyo nusu saa mteja ananitazama kama mwizi.

Jirani yangu muuza vitenge ana mtandao mwingine, wake unashika. Nasikia mtu anahama na namba ileile. Ni kweli? Pesa iliyomo inahama nayo? Na laini ya uwakala je?

Fundi wa Ligula
Dada, ni kweli, tangu Machi 2017. Unakwenda dukani kwa mtandao unaohamia, na kitambulisho chako, unaweka kidole. Pesa ya kwenye simu haihami, itoe yote kwanza. Kama una deni la vocha ya kukopa, lipa. Laini ya uwakala usiiguse, hiyo ni mkataba kati yako na kampuni. Floti (mtaji wako ulio kwenye laini hiyo) na kamisheni vinabaki hukohuko.

Jambo moja watu hawaliwazi: namba ikishahama, tarakimu za mwanzo zinadanganya. Mteja akiona 075 atasema wewe ni Voda, kumbe ulishaondoka zamani. Jiandae kueleza kila siku.

Mzee wa Nanyumbu
Mnaongea kuhama kama watu wa mjini. Huku kwetu mnara ni mmoja. Ukisogea kidogo kuelekea mto Ruvuma, simu inakukaribisha Msumbiji na wewe umekaa barazani kwako unakunywa uji. Huo ushindani unaosemwa redioni haujapanda gari la kuja huku.

Fundi wa Ligula
Mzee wangu shikamoo. Mnara mmoja si lazima uwe mtandao mmoja. Minara mingi siku hizi si mali ya kampuni za simu. Kampuni ya minara ya Helios Towers ilinunua ya Tigo (Yas ya sasa), ikaja ya Vodacom, na Januari 2022 ya Airtel ikachukuliwa na SBA ya Marekani na mshirika wake. Kampuni za simu zimebaki wapangaji, kila mmoja anatundika antena zake na kulipa kodi. Kwa hiyo swali la kuuliza kijijini kwako ni nani kapanga pale, na kama hakuna mwingine, kwa nini. Mara nyingi jibu ni kwamba wateja hawatoshi kulipa kodi hiyo. Ndipo unapoingia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kazi yake ni kuchangia gharama pale ambapo biashara peke yake haifiki.

Ushindani upo ila unakuja kwa njia za chini chini. Mnakumbuka kila mtu alivyokuwa na laini tatu mfukoni, akikwepa gharama ya kupiga mtandao mwingine? Kampuni moja ikipeleka simu kwa nyingine inailipa kwa kila dakika. Mwaka 2013 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliweka malipo hayo Sh 34.92, 2018 ikawa 15.60, na 2022 ikafika Sh 2. Bila kushuka huko, vifurushi vya mitandao yote mngevisikia kwa jirani tu. Kwangu mimi hilo limemsaidia mtu wa Nanyumbu kuliko huko kuhama namba.

Mzee wa Nanyumbu
Marahaba. Nitamuuliza mlinzi wa mnara, ni mjukuu wangu.

Bibi Floti (Newala)
Nimerudi. Nimeazima simu ya muuza vitenge siku tatu. Mchana wake unapita wangu mbali sana. Lakini juzi umeme ulikatika, kufika saa mbili usiku wake ukazima kabisa na wangu, huu huu ninaousema vibaya, ukabaki na vijiti viwili! Fundi, nadhani ni betri za huko juu mnarani.

Basi sihami. Namba ya ukutani inabaki, naomba laini ya uwakala ya mtandao wa pili. Sasa kasheshe ni floti. Nina laki nane tu. Nikigawa nusu kwa nusu, mkulima mmoja akija kuweka laki tano kwa mtoto wake aliyeko chuo, nitamwambia nini? Wenye laini mbili mnafanyaje?

Mama Mikindani
Usigawe sawa. Weka sita kwenye ule wenye wateja wengi, mbili kwenye mwingine, na upatane na wakala wa jirani muazimane. Mimi na mwenzangu tunaandikiana kwenye daftari, jioni tunafunga.