Naomba ushauri: monita nyembamba ya kioo kipana kwa matumizi ya nyumbani

Wakuu, habari za saa hizi. Natafuta monita ya kuchomeka kwenye laptopu nyumbani. Mchana ni Excel na hesabu za wateja wangu wadogo wadogo, usiku mpira na watoto. Gemu sichezi.

Meza yangu ni finyu, imebanana na ukuta, ndiyo maana nataka nyembamba. Ila nimekuja kuona kioo kinaweza kuwa chembamba kama sahani halafu stendi ikala nusu ya meza. Bora niifunge ukutani, kwa hiyo iwe na matundu ya VESA, yale ya milimita 100 kwa 100. Baadhi ya hizi nyembamba hazina matundu hayo. Mnaozijua zenye nayo nitajieni.

Ukubwa ndio unaonichanganya. Inchi 24 ya pikseli 1920 kwa 1080 maandishi yanatulia, lakini ya inchi 27 kwa pikseli hizo hizo herufi zinaonekana za kukwaruza. Niongeze hela nichukue 27 ya 2560 kwa 1440? Au 29 ya uwiano wa 21:9, inayoonyesha safu nyingi za Excel, ingawa kimo chake ni kifupi kidogo kuliko cha 24?

Nataka kioo cha aina ya IPS, maana wengine wanakaa pembeni na kile cha aina ya TN hubadilika rangi ukikitazama kwa upande. Muuzaji mmoja Kariakoo ananisukumia ya mtumba yenye tundu la waya la zamani la VGA tu. Laptopu yangu ina HDMI, na VGA haibebi sauti, kwa hiyo hiyo nimeikataa.

Bajeti ni laki nne, nikijikaza tano. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?