Stesheni wagoni ya Uingereza, miaka ya 70: Marina, Avenger, Hunter au Allegro?

Mdadisi wa Mabati
Wadau, naomba mnisaidie kulitambua gari hili. Ni stesheni wagoni la Kiingereza, milango minne ya abiria na mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Limekaa uwanjani Uingereza muda mrefu: grili haipo, nembo zote zimeng'olewa. Namba yake ya nyuma ni bamba la njano, herufi ya mwisho L. Vitasa vya milango vimezama ndani ya bati, unanyanyua kibati. Nilikuwa na orodha ya Morris Marina, Hillman Avenger, Hillman Hunter, Vauxhall Viva, Austin Allegro na Austin Maxi. Lipi?

Springi Nne
Anza na milango, inakupunguzia kazi nusu. Viva ya toleo la HC, kwa umbo la stesheni wagoni, ina milango miwili ya abiria. Allegro nayo, iliyoanza kuuzwa kama stesheni wagoni mwaka 1975, ina miwili tu. Zote mbili nje. Ford Escort pia nje kwa sababu hiyohiyo. Maxi ina milango minne lakini mgongo wake unateremka kwa mshazari, haukusimama wima kama wa stesheni wagoni, na milango yake ilitoka kwenye Austin 1800, gari kubwa zaidi. Ukishaiona Maxi mara moja huwezi kuichanganya tena.

Zinabaki Marina, Avenger na Hunter.

Kabureta Mbili
Na herufi L? Kwa Uingereza L ni magari yaliyosajiliwa kuanzia Agosti 1972 hadi Julai 1973. Marina ya stesheni wagoni ilitoka mwishoni mwa 1972, Avenger ilitangulia miezi michache mwaka huohuo. Allegro yenyewe ilizaliwa Mei 1973, tena kwa umbo la saluni. Kwa hiyo hata bila kuhesabu milango ingetoka.

Springi Nne
Hapo tahadhari, mkuu. Namba huhamishwa. Sheria yao inakataza kulivalisha gari namba itakayolifanya lionekane jipya kuliko lilivyo, ila namba ya zamani kwenye gari jipya zaidi inaruhusiwa. L inaweza kukaa kwenye gari la 1976. Na bamba la njano lisikupumbaze: mabamba yanayoakisi mwanga, meupe mbele na njano nyuma, yalilazimishwa kwa magari mapya kuanzia 1 Januari 1973, lakini la kabla ya hapo laweza kubadilishiwa wakati wowote. Namba ni dokezo. Ushahidi uko chini ya gari.

Mdadisi wa Mabati
Vitasa je? Niliambiwa vya namna hiyo ni vya Marina.

Kabureta Mbili
Ni vya Marina, ni vya Allegro, na vilivaliwa na Triumph TR7 na Range Rover pia. Vinakuambia familia ya British Leyland, kampuni iliyounganisha Morris, Austin, Triumph na Rover, havikuambii modeli. Ila kwa orodha yako vinaipa Marina uzito dhidi ya Avenger na Hunter, ambazo ni za Rootes, kampuni nyingine kabisa.

Mlalo wa Chasi
Vitasa huweza kubandikwa, ekseli haidanganyi. Vitu viwili tu:

1. Inama nyuma. Ekseli imekalia springi za vyuma vilivyopangwa tabaka, au za koili? Avenger ina koili. Marina na Hunter zina tabaka.

2. Fungua boneti, tazama pembeni karibu na ukuta wa magurudumu. Hunter (na Avenger) ina nguzo ya MacPherson, yaani springi na shokapu zilizounganishwa kuwa kitu kimoja kilichosimama, kichwa chake kinaonekana juu kikiwa na boliti zimezunguka. Marina haina kitu hapo. Mbele inabebwa na fito ndefu za kujipinda zinazolala kuelekea nyuma chini ya sakafu, urithi wa Morris Minor, gari dogo la zamani la Morris.

Tabaka nyuma, hakuna nguzo mbele, milango minne: hiyo ni Marina. Hakuna jingine kwenye orodha yako lenye vyote vitatu.

Mdadisi wa Mabati
Nyuma ni tabaka. Ndani ya boneti hakuna nguzo, nimepitia picha zote mara mbili.

Springi Nne
Basi ni Marina. Sasa tafuta injini: 1.3 ni ya cc 1,275, 1.8 ni ya cc 1,798. Kwenye 1.8 namba ya injini inaanza na 18V, ileile jamii iliyokuwa kwenye MGB, gari la michezo la MG. Hilo ni jambo kubwa kwa mnunuzi, kwani vipuri vingi vya ndani ya injini bado vinapatikana kwa ajili ya MGB. Kuanzia 1978 ilikuja 1.7, yenye kamshafti juu inayozungushwa na mkanda. Ukiikuta hiyo, L si namba yake ya kuzaliwa, au injini imebadilishwa.

Mlalo wa Chasi
Kabla hajalipa chochote atazame mbele chini. Shokapu zake ni za mkono, zimejaa oili, na mkono wenyewe ndio unaoshika gurudumu upande wa juu. Sili ya shafti ikichoka oili inavuja, kisha gari linadunda. Bonyeza kona na uachie: likipanda na kushuka zaidi ya mara moja na nusu, shokapu imekwisha. Kabla ya kuifungua, weka jeki chini ya mkono wa chini, kwa sababu fito bado imebeba nguvu na mkono ukiachiwa unashuka kwa kishindo. Fito zenyewe zitie alama ya kushoto na kulia, usizibadilishane. Viungo vya gurudumu vinataka grisi kila kilomita 5,000 hivi. Vikikauka, nyuzi zake zinalika.

Kabureta Mbili
Na giaboksi ya 1.8 isikilizwe vizuri. Asili yake ni ya Triumph ndogo, nguvu ya injini hii inaizidi. Mlio kwenye gia ya kwanza na ya pili, au gia kuruka ukiachia mafuta, ni ishara ya kushusha bei.

Kutu: piga kwa nyundo ndogo vizingiti, mahali springi za nyuma zinaposhikwa na bodi, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Pa springi pakishaliwa, kuchomelea bati juu ya bati hakusaidii. Lazima bati bovu likatwe hadi kwenye bati zima, ndipo kipande kipya kichomelewe.

Mdadisi wa Mabati
Nimeuliza picha ya namba ya injini na ya pale springi zinaposhikwa. Zikija naziweka hapa.